Nguo Zisizo na Tiketi

Mfuko ulikuwa juu ya meza ya pasi nilipoingia asubuhi, na haukuwa na tiketi. Nilijua kabla sijaufungua kwamba ndani mna nguo za nyumbani. Katika duka la dobi nililofanyia kazi miaka kumi na mitatu, pale barabara ya Eglinton, Toronto, kila nguo ya mteja ilichomwa pini yenye kitiketi cha njano na namba, na tajiri wangu alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko jambo lingine lolote. Nguo zisizo na tiketi zilikuwa zetu. Makoti yake, mapazia yake, sare za mume wangu za bohari, na furushi moja dogo nililolitundika mwenyewe mwishoni kabisa mwa chuma cha nyuma cha kutundikia nguo, ndani ya plastiki: nguo za uchangani za binti yangu. Nyumba yetu ya Mount Dennis ina kabati moja tu, nami nilikuwa nazitunza kwa ajili ya mtoto wa pili.

Nikaufungua mfuko. Zilikuwa seti tatu za hanbok, vazi la sherehe la Wakorea, mikono yake ina mistari ya rangi kama saba hivi. Moja ya mtoto wa miaka kama sita. Moja ya miaka mitatu au minne. Ya tatu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mkononi mwake viliingia vidole vyangu viwili tu. Kitambaa kimoja, fundi mmoja. Mtu hashonei watoto wa jirani namna ile.

Nilisimama na pasi mkononi inatoa mvuke bure. Tajiri wangu alikuwa na mjukuu mmoja. Picha yake ilikuwa imebandikwa kando ya kaunta tangu alipozaliwa, na mara zote tulizozungumza habari za uzazi, tajiri wangu aliniambia ni huyo mmoja tu, basi.

Mtu asinielewe vibaya. Nani hukasirikia watoto? Kilichoniwasha ni maneno aliyonipa juu ya mtoto wangu ambaye hakuzaliwa, na inabidi niyaeleze tangu mwanzo, maana yalisemwa kidogokidogo kwa miaka mingi.

Nilipoanza kazi pale nilikuwa na miaka thelathini na binti wa mwaka mmoja. Mwenye duka alikuwa mjane wa Kikorea wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono ya chuma. Mimi namwita tajiri kwa sababu kwetu anayekulipa mshahara ndiye tajiri, hata kama mchana mnakaa naye kwenye ndoo zilizogeuzwa mnakula wali na kabichi ya pilipili. Wiki ya pili akanikataza kumwita madam. Nimwite onni, akasema, neno ambalo mwanamke wa kwao humwita dada yake mkubwa. Yeye akaniita mama wa fulani, kwa jina la binti yangu, maana Wakorea nao humwita mwanamke kwa jina la mtoto wake. Nilipomwambia kwamba hata Morogoro ndivyo tunavyofanya, alicheka mpaka akapiga meza kwa kiganja. Nilikuwa nimefika Kanada sina dada wala shangazi karibu, na neno kama hilo lilinilewesha.

Halafu kulikuwa na hili neno "letu". Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, kama changu cha miaka ile, lakini neno hilo hakulikosa. Duka letu. Boila yetu inapiga kelele leo. Wateja wetu wanapenda kola ngumu. Siku moja alimtaja marehemu mumewe akasema "mume wetu", nikajificha nyuma ya boila kucheka. Nilidhani lugha imempiga chenga.

Tulipokuwa tukipiga pasi alinisimulia kwao. Bibi yake alikuwa mkulima wa mpunga, akazaa wanane. Mama yake alizaa watano. Yeye alipokuwa msichana, serikali ilikuwa ikibandika mabango ya uzazi wa mpango kila mahali, na mwanamke mwenye msururu wa watoto alionekana mshamba. Yeye akazaa mmoja, binti. Alisema mtoto wa Kikorea haishii kula na kuvaa, kuna tuisheni ya hesabu, tuisheni ya Kiingereza, kinanda, na ukimnyima utamwona ameachwa nyuma na wenzake. Dobi anaweza kumsomesha hivyo mmoja. Wawili, wote watabaki nusunusu.

"Kanisani kwetu," aliniambia mara nyingi, "hesabu watoto kwenye benchi, utajua baba anafanya kazi gani. Mke wa daktari, watatu. Mke wa mwenye majengo, watatu. Anayepaka watu rangi za kucha, mmoja. Au hana."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa, kwa sababu nilikuja na kipimo cha kwetu. Nyumbani tulikuwa saba kwenye vyumba viwili, mimi wa tano. Mtaani mwenye watoto wawili alikuwa meneja wa kiwanda, na hao wawili walivaa soksi nyeupe wakapelekwa shule kwa gari. Sisi tuliobanana kitandani kichwa huku miguu kule ndio tuliokuwa wengi. Kwa hiyo nilipomwona mwanamke mwenye duka lake, mwenye mtoto mmoja aliyesomea ufamasia huko Vancouver, nilisema moyoni: watu waliostaarabika ndivyo wanavyoishi. Alikuwa ananiambia kwamba mtoto mmoja ndio umaskini wao. Mimi nikasikia utajiri.

Mume wangu hakuwa na shida za namna hiyo. Alikuwa anapakia mizigo bohari moja Rexdale, zamu za usiku, na akirudi asubuhi ananiita "mama watoto" kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao. Mama watoto, chai ipo? Mtoto alikuwa mmoja, lakini neno lilikuwa limeshawaita wengine, nami nilipenda kuitwa hivyo.

Binti alipofika miaka mitano nikaamua. Nilimwambia tajiri wangu mchana, tukiwa kwenye ndoo zetu.

"Onni, nataka kutoa kitanzi. Tunataka wa pili."

Hakunitazama. Aliendelea kukata kabichi kwa mkasi, ndivyo wanavyokata. "Nani atamlea? Mama yako yuko hapa?"

"Hayupo."

"Mama mkwe?"

"Hayupo."

"Basi nani? Mumeo analala mchana. Wewe na tumbo, na mvuke huu, na dawa hizi za kufulia?" Akaniwekea kabichi kwenye wali wangu kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Subiri. Magoti yangu yamechoka. Miaka mitatu, minne, mimi napumzika, wewe unashika duka letu. Mwenye duka anazaa hata watatu. Kwanza duka, halafu mtoto."

Duka letu. Nililibeba neno lile mpaka nyumbani nikalitua mbele ya mume wangu kama nyama ya sikukuu. Tuligombana wiki nzima. Yeye alisema mtoto hangoji boila, mimi nikamwita mtu asiye na mipango, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Nilishinda. Kitanzi kikabaki.

Sikuwa nangojea nimekaa. Nilijifunza kutoa doa la mvinyo, la damu, la masizi. Nilijifunza kuichokonoa boila ikigoma, na kuongea na fundi wake. Nilifungua duka saa moja asubuhi, theluji au jua. Mama yangu alipiga simu kila Jumapili, nami kila Jumapili nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akauliza, "Mwanangu, ndiyo basi huyo mmoja? Kuna mtu amekukataza?" Nilimwambia huku mambo yana utaratibu wake. Nilimjibu kwa sauti ya mke wa meneja.

Nilipofika thelathini na saba nikakumbushia. Barabara ilikuwa imechimbwa mbele ya duka miaka nenda rudi, wateja wamepungua, na tajiri wangu akasema hauwezi kuwa wakati wa kumkabidhi mtu duka. Subiri kidogo tu wamalize kuchimba. Nikasubiri wachimba barabara wa Toronto ili nizae. Nikisimulia hili leo watu hucheka, na hata mimi hucheka.

Nilikitoa kitanzi nikiwa na miaka thelathini na tisa, bila kumwambia. Mwaka ukapita, na mwingine. Daktari alikuwa mama mpole, alizungusha kiti chake akanitazama usoni, akasema kwa umri wangu nilipaswa kuja mapema zaidi. Sikumbuki nilivyofika dukani siku ile. Nakumbuka nililia nyuma, kati ya makoti ya watu, na tajiri wangu akaja akanishika mabega kwa ile mikono yake.

"Mmoja inatosha," alisema. "Mimi mmoja. Binti yangu naye mmoja. Maisha ghali, wote tuko hivi hivi."

Maneno hayo yalinifariji. Nilijifariji nayo miaka miwili. Sikuwa peke yangu, tulikuwa wanawake watatu wa duka moja, kila mmoja na wake mmoja. Mume wangu hakunilaumu hata mara moja. Ila aliacha kuniita mama watoto. Akaanza kuniita kwa jina langu, taratibu, kama mtu anayemwita mgeni.

Sasa utaelewa nilivyosimama mbele ya zile hanbok tatu. Kumbe siku ile aliponishika mabega, yule wa pili alikuwa ameshazaliwa na pengine anatembea.

Alipoingia nilimwuliza, "Onni, hizi za nani?"

"Zetu," alisema. "Jumamosi mdogo anatimiza mwaka. Sherehe kubwa, ukumbi uko Vaughan. Binti yangu amehamia huko na mumewe tangu majira ya baridi. Njoo na pasi ya mvuke ya mkono. Nguo zitakunjamana kwenye gari."

"Uliniambia mjukuu ni mmoja."

Alianza kutafuta kitu kwenye kopo la pini. Alilitikisa, akalichungulia, akachagua pini moja akairudisha. "Huyo mmoja ndiye mkubwa," alisema.

Nilizipiga pasi. Niseme ukweli, nilizipiga vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kupiga pasi maishani, kwa hasira. Hakuna mkunjo uliobaki.

Jumamosi nilibadilisha mabasi mawili kwenda Vaughan na pasi kwenye begi. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa heshima, viatu vinang'aa. Mbele waliweka meza yenye uzi, penseli, noti, na kioo kidogo cha daktari wa meno, kwa kuwa baba mtoto ni daktari wa meno. Ni desturi yao: mtoto akitimiza mwaka anawekwa mbele ya vitu hivyo, na atakachokishika ndicho kinachosema atakuwa nani. Mtoto alikamata kioo, watu wakapiga makofi. Dada na kaka yake walikuwa wamesimama pembeni katika nguo zangu. Ndiyo, niliziona kama zangu. Nilizijua kila mshono.

Nilipewa kiti karibu na mlango wa jikoni, jirani na mama mzazi wa baba mtoto, bibi nadhifu mwenye Kiingereza kizuri. Alinidhania mimi ni jirani. Nikamsifia wajukuu.

"Watatu!" alisema, akiinua vidole. "Enzi za mama yangu, watatu haikuwa habari. Siku hizi kwetu watatu ni kama kuvaa dhahabu. Huna haja ya kuwaambia watu una uwezo, wanaona wenyewe. Na wewe unao wangapi?"

"Mmoja."

"Ah," alisema. Akanigusa mkono, taratibu, halafu akageukia sahani yake. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ameshajua mume wangu anafanya kazi gani.

Tajiri wangu akasimama na kipaza sauti, akasema kwa Kikorea, na watu wakashangilia. Nikamwomba yule bibi anitafsirie.

"Ameuza duka," alisema kwa furaha. "Mwezi ujao anahamia kwa binti yake kulea watoto. Binti anarudi kazini. Nani anajua, labda na wa nne!"

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anapanga keki za wali kwenye masanduku ya zawadi. Nilikuwa bado nimeshika ile pasi, na nadhani aliiona kabla ya kuniona mimi.

"Ulisema duka letu," nilimwambia.

"Ndiyo. Duka letu." Alinishangaa kwelikweli, na mshangao wake ulinichoma kuliko kama angeona aibu. "Nimelipatia watu wazuri. Nitawaambia wakubakize kazini."

"Ulisema kwanza duka, halafu mtoto. Nimengoja mpaka nimeisha, onni. Wewe ndiye uliyeniambia ningoje. Sasa unakwenda kumlelea binti yako watatu."

Akaweka keki chini. "Wewe ulikuwa na nani wa kukulelea?" aliuliza kwa upole. "Mama yako yuko mbali. Binti yangu ana mume daktari, na ana mama."

Akanipa sanduku la keki nimpelekee binti yangu. Nami, mjinga wa mwisho, nikaiweka pasi chini, nikalipokea kwa mikono miwili kama alivyonifundisha.

Nyumbani nilimkuta binti yangu kwenye kochi na tamthilia zake za Kikorea. Ana miaka kumi na minne, Kiswahili anakisikia chote na hajibu hata neno, lakini Kikorea cha kwenye tamthilia anakitema kama maji. Nilimsimulia yote, nikipaaza sauti, na nilipofika kwenye "duka letu" akasimamisha picha.

"Mama, hiyo ni *uri*," alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Ndivyo wanavyosema tu. Mama yetu, nyumba yetu, hata mume wetu. Maana yake ni yangu."

"Letu maana yake ni langu?"

"Kwani wewe si unasema kwetu Morogoro? Na uko peke yako hapo."

Nilitaka kumpiga kofi, nikaishia kukaa. Alikuwa sahihi, na alikuwa na keki mdomoni. Maisha yangu yote nimesema kwetu nikimaanisha kwangu, na hakuna mgeni aliyewahi kudhani nimemgawia nyumba ya baba. Mimi, mwenye lugha yenye mtego uleule, niliuingia mzimamzima na nikakaa humo miaka tisa. Lakini sikumsamehe kwa ajili ya sarufi. "Subiri" haikuwa *uri*. "Binti yangu naye mmoja" haikuwa *uri*. Hayo aliyasema akijua, kwa sababu mtu aliyepiga pasi vizuri na asiyeenda likizo ya uzazi alimfaa. Ilikuwa danganya toto, na toto lenyewe ndilo lililolipia.

Mume wangu alirudi asubuhi, nikamweleza na yeye. Hakusema "nilikuambia". Aliketi akiwa bado amevaa koti, akanishika mkono, akauliza kama zile nguo za mtoto bado ziko dukani.

Zilikuwepo. Siku ya makabidhiano wenye duka wapya walikuja, mke na mume, vijana, wanapitia chuma kimoja kimoja na orodha. Yule mwanamke alifika mwisho wa chuma cha nyuma, akainua plastiki. Gauni la manjano, koti la theluji la ukubwa wa kiganja, soksi nilizozifunga mojamoja kwa pini.

"Hizi hazina tiketi," alisema. "Za nani?"

"Zetu," tajiri wangu alijibu kutoka kwenye kaunta, bila kugeuka.

"Ni zangu," nikasema.

Akageuka sasa. Tulitazamana. Nikazishusha kwenye chuma, henga tano, nikazikunjia mkononi. Yule mwanamke alitabasamu, akagusa lile koti dogo kwa kidole.

"Jamani, zinapendeza. Mtoto ana umri gani?"

"Hakuja," nilimwambia kwa Kiswahili, nikatoka nikangojea basi.